Bamba la ovalei: jinsi ya kulichagua, kulikata na kulichomelea likae

Ukizunguka viwanda vya sukari vya ukanda wa Nyando, au machimbo ya kokoto upande wa Nakuru, utakuta mabamba magumu yaliyokufa kifo cha aina moja. Katikati bamba bado ni nene, mistari yake ya kiwandani inaonekana kama siku lilipotoka dukani, ila ukingo umeng'oka na kipande kizima kinaning'inia kwenye chuti, yaani mfereji wa chuma unaoteremsha mzigo. Mchanga haukulimaliza. Lilimalizwa na fundi aliyelichomelea kama bamba la kawaida.

Mwongozo huu ni wa fundi anayejua tayari kuchomelea chuma cha kawaida na amepewa kazi ya kuvisha baketi, chuti, hopa, konveya au nyumba ya feni bamba la kuzuia kulika.

Lijue bamba kabla ya kuligusa

Bamba la ovalei lina chuma mbili zilizoshikana. Chini ni chuma laini cha kawaida. Juu ni tabaka lililomwagwa kiwandani kwa kuchomelewa mstari kando ya mstari, chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 3 hadi 5 na kromiamu ya asilimia 20 hadi 35. Tabaka hilo likipoa, kaboni na kromiamu hushikana na kutengeneza punje ngumu ziitwazo kabaidi. Ugumu wa tabaka zima huwa kati ya 55 na 62 kwa kipimo cha Rockwell C.

Namba hiyo peke yake haisemi kila kitu. Tutumie kipimo kingine cha ugumu, Vickers: mchanga wa kwazi (quartz) una takriban 1,100. Bamba gumu la kawaida lililopashwa moto na kupozwa ghafla kwa maji, lile ambalo wengi huliita Hardox hata kama si la chapa hiyo, lina takriban 400 hadi 600, kwa hiyo mchanga bado unaliparua. Kabaidi za kromiamu hufika 1,500 na zaidi. Hapo mchanga ndio unaovunjika.

Dukani bamba huuzwa kwa namba mbili: 6+4, 8+5, 10+6, 12+8. Ya kwanza ni milimita za chuma laini, ya pili ni milimita za tabaka gumu. Zishike kichwani, maana kila uamuzi wa kuchomelea utazirudia.

Utaona pia nyufa nyembamba zinazokatiza mistari, moja kila sentimita moja au mbili hivi. Wateja wengi hurudisha bamba wakidhani ni bovu. Nyufa hizo ni za kawaida: tabaka gumu haliwezi kuvutika, hivyo linapopoa hupasuka ili kupunguza mkazo. Zinatakiwa ziishie kwenye chuma laini. Ukikuta ufa ulioshuka hadi upande wa nyuma, au tabaka linalobanduka ukiligonga kwa nyundo, hilo ndilo la kurudisha.

Kanuni inayotoka hapo ni fupi: kila kinacholishikilia bamba kwenye mtambo kichomelewe kwenye chuma laini, kwa elektrodi ya chuma laini. Ugumu uje juu, mwishoni, kama kifuniko.

Kwanza uliza kinachokula chuma ni nini

Ovalei hufanya vizuri pale mzigo unapoteleza na kusugua. Haipendi kugongwa. Miwa ya uwanda wa Kano ikivunwa baada ya mvua hufika kiwandani na matope na mchanga mwingi, na mchanga huo ndio unaokula sakafu ya konveya, chuti za makapi na mabomba ya majivu ya boila. Hapo ovalei ni mahali pake. Sakafu na mbavu za baketi inayobeba mchanga au murramu, vilevile.

Kwenye mataya ya krasha, mashine ya kuvunja mawe, sivyo. Taya hupigwa na jiwe zima kila mzunguko, na tabaka lenye nyufa litamwagika vipande vipande. Mataya hutengenezwa kwa chuma cha manganizi, kile alichokivumbua Robert Hadfield kule Sheffield mwaka 1882, ambacho huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyopigwa. Ukitaka kukitambua, chukua sumaku: chuma chenye manganizi ya asilimia 11 hadi 14 hakishiki sumaku, au hushika kidogo tu juu pale kilipopigwa sana.

Kuna pia kazi ambazo ovalei ni hasara tupu. Mawe ya chokaa kama yale ya Koru ni laini, ugumu wa 3 hivi kwa kipimo cha Mohs, wakati kwazi ni 7. Kama chokaa haina mchanga mwingi ndani yake, bamba gumu la kawaida la 400 kwa kipimo cha Brinell litafanya kazi kwa pesa kidogo, na unaweza kulikata kwa gesi. Mwambie mwenye mali hivyo hata kama kazi ya ovalei ingekulipa zaidi. Atarudi.

Kuandaa mtambo

Mtambo uzimwe, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa msimamizi. Kwenye chuti na hopa, hakikisha hakuna mzigo ulioning'inia juu ya kichwa chako.

Kwenye kiwanda cha sukari adui ni makapi ya miwa. Vumbi lake likikaa juu ya fremu linaweza kufukuta kwa saa kadhaa baada ya cheche kuanguka, kisha kuwaka wakati mafundi wameshaenda nyumbani. Fagia, mwagia maji, tandika blanketi la kuzuia moto, na mtu wa zamu abaki na mpira wa maji angalau saa moja baada ya arki ya mwisho. Kibali cha kazi ya moto kiandikwe.

Kwenye ekskaveta au tingatinga, ondoa nyaya za betri na utenganishe kompyuta ya mashine kama maelekezo yake yanavyosema. Klampu ya kurudisha umeme ibanwe kwenye kipande kile kile unachochomelea, sehemu iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Ukiibana kwenye mkono wa mashine huku unachomelea baketi, umeme utapita kwenye pini na beringi, nao utaziunguza. Uharibifu huo hauonekani siku hiyo.

Halafu moshi. Ovalei na elektrodi zake hutoa moshi wenye kromiamu ya valensi sita, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka moshi wa kuchomelea kwa ujumla kwenye kundi la vinavyosababisha saratani tangu mwaka 2017. Vaa barakoa ya kichujio cha daraja la P3, weka feni ya kuvuta moshi ukiwa ndani ya chuti, na usikae kichwa kikiwa juu ya arki. Maziwa tunayokunywa jioni kuosha kifua huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata mshahara. Mkumbushe.

Kukata

Gesi ya oksijeni na asetilini haitakata ovalei. Kromiamu ikipata joto hufunikwa na oksidi isiyoyeyuka kwa urahisi, na moto wako utaishia kutengeneza uchafu. Tumia plazima, mashine inayokata kwa arki ya umeme na hewa. Kata kutoka upande wa chuma laini: arki huanza kwa urahisi na mkato hutoka safi zaidi. Kumbuka basi kwamba umegeuza bamba, hivyo kiolezo nacho kigeuzwe, la sivyo utakata kipande cha kushoto badala ya cha kulia. Vipande vya ovalei vilivyokatwa kinyume ni vingi kwenye karakana zetu.

Bila plazima, arki ya kaboni yenye hewa itakata, ila kingo zitakuwa mbaya na zenye kaboni, na lazima uzisage. Diski ya grainda pia hukata vipande vidogo, polepole, na hula diski nyingi.

Usijaribu kutoboa kwa drili. Tundu hukatwa kwa plazima. Kama bamba litafungwa kwa bolti, ni bora kuchomelea vipini vyenye nyuzi mgongoni, kwenye chuma laini, ili uso wote ubaki mgumu. Kwa chuti zinazobadilishwa kila msimu wa matengenezo napendelea vipini kuliko kuchomelea bamba moja kwa moja. Mwaka unaofuata unafungua nati badala ya kuchimbua chuma.

Baada ya kukata, saga ukingo wa chuma laini hadi uone chuma kinachong'aa. Gamba la plazima likibaki pale, mshono utakuwa na mashimo.

Kukunja

Kunja polepole, tabaka gumu likiwa ndani ya mkunjo, na kipenyo kiwe kikubwa. Nyufa zitabana na kulia kidogo. Hiyo si shida. Ukikunja tabaka likiwa nje, nyufa hufunguka, na mkunjo ukiwa mkali tabaka hubanduka. Bila mashine ya kukunja yenye nguvu, kata vipande vyembamba na uvipange kufuata duara kama mbao za pipa. Kwa mabomba ya majivu njia hii hufanya kazi vizuri kabisa.

Kupanga vipande

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, tena kabla arki haijawaka.

Tazama mzigo unavyopita. Nyufa hukatiza mistari ya ovalei, kwa hiyo ukilaza mistari ifuate mwendo wa mzigo, nyufa zitakaa kukingama na mchanga hautapata mfereji wa kukimbilia. Kama karatasi ya mtengenezaji inasema vinginevyo kwa bamba lake, ifuate hiyo.

Viungio visifuate mstari mmoja kutoka juu hadi chini ya chuti. Kiungio kilichonyooka na mwendo wa mzigo ni mto: mchanga huingia na kuchimba hadi chuma cha mwili. Pishanisha viungio kama fundi wa mawe anavyopishanisha matofali. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya vipande ili mshono ufike chini.

Vipande visiwe vikubwa kupita kiasi. Bamba kubwa hutoka kiwandani likiwa limepinda kidogo, na kulilazisha kwenye sakafu iliyobonyea ni vita. Anza na kiolezo cha kadibodi, kijaribu ndani ya chuti, ndipo ukate. Sakafu ya zamani isuguliwe iwe safi. Bamba lisilokalia chuma vizuri litacheza kila mzigo unapopita juu yake, na tabaka lenye nyufa halipendi kuchezeshwa.

Elektrodi

Kwa kushikisha bamba kwenye chuma cha kawaida, tumia elektrodi ya hidrojeni kidogo, E7018, au waya wa ER70S-6 kwa mashine ya gesi. E6013, ambayo kila duka linayo, itashika, lakini kwenye kazi nzito sitaiweka.

E7018 hunyonya unyevu, na hewa ya Kisumu wakati wa masika haina huruma. Pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita ikaachwa juu ya meza haifai tena. Ikaushe kwa nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi kwa saa moja au mbili, kisha iweke kwenye kikaushio chenye nyuzi 100 na kidogo hadi wakati wa kuitumia. Kuiegesha kwenye bamba la moto au kando ya jiko si kukausha.

Tumia umeme wa moja kwa moja, elektrodi kwenye chanya. Mashine za transfoma zinazosokotwa na mafundi wetu hutoa umeme wa kubadilika, na nyingi hazina volti za kutosha kuifanya E7018 iwake kwa utulivu. Inveta ndogo nzuri itakusaidia zaidi hapa. Kwa elektrodi ya milimita 3.2 ukichomelea bapa, anza karibu na ampea 110 hadi 130.

Elektrodi za kufunikia viungio zina namba nyingine. Kwenye pakiti tafuta maandishi ya mfumo wa Kijerumani wa DIN 8555. E10-UM-60 ni kundi la 10, lenye kaboni na kromiamu nyingi, ugumu 60: ndiyo ndugu wa bamba lako. E6-UM-60 hustahimili mapigo zaidi lakini hulika upesi kwa mchanga. E7-UM-200 ni ya manganizi. Muuzaji akikwambia zote ni "hadi feisi" (hard face, za kuweka uso mgumu), soma pakiti mwenyewe.

Kuchomelea, hatua kwa hatua

Bana bamba likalie kabisa. Chomelea kwa muda kipande cha chuma chenye umbo la L kando yake, kisha gongea kabari kati yake na bamba. Kipande hicho kichomelewe kwenye mwili wa mtambo, si juu ya tabaka gumu.

Weka vishikizo vya sentimita 3 hivi kwenye kingo, kwenye chuma laini peke yake, ukianzia katikati ya upande kuelekea pembeni.

Sasa mshono wa ukingo, na hapa namba mbili za bamba zinarudi. Kwa bamba la 6+4, chuma laini kina urefu wa milimita 6 kutoka sakafuni. Mshono wako uwe na mguu wa milimita 5. Ukipanda hadi ukagusa tabaka la juu, kaboni na kromiamu zitayeyuka na kuingia kwenye mshono, nao utapasuka katikati kabla hata hujakoboa gamba. Huo ndio ufa unaong'oa mabamba mengi niliyoyataja mwanzoni. Kama nafasi ni finyu na huwezi kuukwepa ukingo, saga tabaka gumu lirudi nyuma milimita 8 hadi 10, upate kiwanja cha chuma laini.

Ukingo unaopokea mzigo wa kwanza uchomelewe mfululizo bila kuacha nafasi, maana punje zikipita chini ya bamba zitalinyanyua. Kingo za pembeni zinaweza kuchomelewa kwa kuruka: sentimita 5 za mshono, sentimita 10 bila. Lakini mahali penye maji ya miwa ziba pande zote. Maji hayo yana asidi, na yakikaa nyuma ya bamba yatakula mwili wa chuti huku uso ukiwa mzima.

Bamba pana litahitaji kushikwa katikati pia. Kata matundu ya milimita 25 hadi 30 kwa plazima, kila baada ya sentimita 25 au 30. Tundu dogo kuliko hilo halikuruhusu kuelekeza elektrodi kwenye pembe ya chini, na utapata plagi, yaani chuma kilichojaza tundu, inayoonekana nzuri juu lakini haijashika sakafu. Anza kwa kuzungusha arki kwenye mduara wa chini, chuma cha mwili na chuma laini vikishikana, kisha jaza kuelekea katikati. Koboa gamba kila tabaka. Simama chuma laini kinapoishia: kwa 6+4, milimita 6 za E7018. Milimita 4 za juu ni za elektrodi ngumu.

Hama-hama. Ukimaliza plagi moja, nenda upande mwingine wa bamba. Ukikimbiza joto sehemu moja, bamba litavimba katikati na kung'oa vishikizo.

Mwisho, funika viungio na plagi kwa E10-UM-60: arki fupi, ampea za chini katika kiwango cha pakiti, ili usichanganye sana na chuma cha chini. Tabaka moja au mbili, basi. La tatu huleta mabanduko. Utasikia nyufa zikilia wakati wa kupoa, tik, tik, hazina neno. Usimwagie maji kuharakisha.

Chuma cha chini kikiwa si cha kawaida

Mdomo wa baketi mara nyingi ni chuma cha aloi. Upashe joto la nyuzi 150 hivi, upime kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka chuma kikifika joto lililoandikwa juu yake, chomelea kwa E7018 iliyokaushwa, kisha ufunike upoe polepole.

Kama sumaku imekwambia ni manganizi, geuza kila kitu. Usiipashe joto. Usitumie E7018, kwa sababu mchanganyiko wao ni dhaifu kama kioo. Tumia elektrodi ya chuma kisichoshika kutu ya 309, au ile ya kromiamu 18, nikeli 8 na manganizi. Chomelea mishono mifupi na usiruhusu chuma kizidi nyuzi 260, la sivyo manganizi yenyewe itakuwa dhaifu. Kitambaa kibichi kando ya mshono kinaruhusiwa hapa.

Feni za boila ni habari nyingine. Nyumba ya feni unaweza kuivisha. Mapanga yake usiyaguse bila mpango wa kupima mizani upya baada ya kazi, kwa kuwa uzito uliozidi upande mmoja huvunja beringi.

Baada ya kazi

Gonga bamba kwa nyundo ndogo, sehemu baada ya sehemu. Sauti kavu ni nzuri; sauti ya tupu inamaanisha plagi haijashika. Kagua mishono ya kingo: ufa wowote kwenye mshono wa E7018 ukatwe na kurudiwa, usifunikwe. Kisha kwa rangi ya mafuta andika nyuma ya chuti tarehe na namba za bamba, ili atakayekuja asilete gesi ya kukatia.

Kagua tena baada ya siku chache za kazi, hasa ukingo wa mbele. Plagi zikianza kubonyea kuliko bamba, elektrodi ngumu iliwekwa nyembamba. Ziongeze mapema, kabla mchanga haujafika kwenye chuma laini. Mistari ya ovalei ikishapotea na uso kuwa laini kama kikaango, pima unene. Tabaka likibaki milimita moja, agiza bamba jingine sasa, kwa sababu milimita 6 za chini zitaondoka upesi mno kuliko zile 4 za juu.